Ukurasa wa Tatu Haukusomwa

Kasyoka aliuruka ukurasa wa tatu. Hilo ndilo kosa, na halina jina lingine. Karatasi za utafiti zilikuwa nne, zimebanwa pembeni kwa pini, na Kasyoka, mke wa kaka yake Ndinda, alimsomea ya kwanza, akamsomea ya pili, akaenda ya nne, kisha akamshika kidole gumba akakibonyeza kwenye wino. Mbithi, huyo kaka mwenyewe, akatia sahihi kama shahidi kwamba zote nne zimesomwa na zimeeleweka. Wakati zinasomwa, Mbithi alikuwa nje kwenye ngazi, anaongea kwa simu.

Ndinda hajui kusoma. Alikaa shule mwaka mmoja kule Kitui, mama yake akaugua, akatolewa, na hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Sasa ana miaka hamsini na moja. Mumewe Nyamai alishazikwa, na Kevin, mwanawe wa pekee, ni bawabu Machakos. Yeye anauza makaa Silanga, huko Kibera, kwenye kibanda kinachotazama bwawa, na nyuma ya kibanda ana vipande viwili vya shamba, vidogo kama mikeka, anapopanda sukuma wiki na managu. Magunia anayapokea mwenyewe, anayaburuta mwenyewe, anayafungua mwenyewe. Kazi hiyo inataka miguu miwili.

Mguu wa kulia ulianza kumsumbua miaka miwili iliyopita. Kutoka kibandani hadi bombani si mbali, lakini akifika nusu ya njia shavu la mguu lilikaza kama limefungwa kamba, ikabidi asimame. Akisimama kidogo, maumivu yanaachia. Akitembea tena, yanarudi. Hakutaka watu wamwone amesimama barabarani kama mtu aliyepotea, kwa hiyo akaanza kusalimia. Alisimama kwa mama wa mandazi akauliza watoto wameamkaje. Alisimama kwa fundi viatu akauliza kama mvua itanyesha. Watu wakasema Mama Kevin siku hizi amekuwa mtu wa watu. Aliyekataa kudanganyika ni Caren, jirani yake anayeuza omena.

"Wewe Mama Kevin, huyo fundi umemsalimia mara tatu leo. Ama ni boyfriend?"

"Shika mdomo wako, Caren."

"Nimeushika. Sasa niambie ni nini, maana hata kiatu hujampelekea."

Ndipo Ndinda akavua soksi akamwonyesha. Mguu ulikuwa umepauka, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, na nywele zote za chini zimekwisha. Kwenye kidole kidogo palikuwa na kidonda, mahali gunia lilipomwangukia, na miezi minne ilikuwa imepita bila kidonda hicho kufunga. Caren aliugusa mguu, akaondoa mkono haraka.

"Huu ni baridi kama wa maiti," akasema, kisha akajutia neno lake, lakini lilikuwa limeshatoka.

Hospitali kubwa walimfunga mkanda wa presha kwenye kifundo cha mguu na kusikiliza damu kwa kifaa kinachovuma. Mguu wa kushoto ulivuma kwa nguvu. Wa kulia ulinong'ona tu. Daktari Wagaki, mwanamke mwembamba asiyependa kuzungusha maneno, alimweleza kwamba mishipa ya kupeleka damu chini imeziba, na ile iliyo chini ya goti ni myembamba mno kupasuliwa na kuunganishwa. Akampa dawa, akamwambia asafishe kidonda kila siku.

"Na damu ikikataa kufika?" Ndinda akauliza.

"Tutakata."

"Mtakata nini?"

"Tutaanza na kidole. Halafu tuone."

Hilo "halafu tuone" Ndinda alirudi nalo Silanga, na tangu siku hiyo halikumwacha. Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha jiko, aliketi kitandani akaweka kiganja kimoja kwenye mguu huu na kingine kwenye mguu ule, akapima. Siku nyingine aliona kama tofauti imepungua, akafungua kibanda akiimba. Kesho yake anaona imeongezeka, na siku nzima wateja wanamwita mara mbili ndipo asikie. Alianza kuwatazama watu wa magongo barabarani, jinsi wanavyovuka mtaro, jinsi wanavyoshika mzigo. Hakuona hata mmoja anayebeba gunia.

Kasyoka ndiye aliyeleta habari. Anaishi Kabiro, Kawangware, naye ni mhudumu wa afya wa jamii. Ana koti lenye mifuko mingi na beji shingoni, na huko Kabiro watu humwita daktari naye hawasahihishi. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akaketi juu ya debe lililopinduliwa, akasema kuna utafiti umefunguliwa kwenye kituo kimoja cha afya mtaa wa Riruta Satellite, karibu na kwake, kwa watu wenye miguu isiyofikiwa na damu. Wanatumia kitu kinaitwa seli shina. Watu wa kukatwa ndio hasa wanaotafutwa.

"Ni dawa?" Ndinda akauliza.

"Ni zaidi ya dawa. Wewe kuja tu, Mama Kevin. Mimi niko huko ndani, nitakushika mkono."

Akaenda. Kituo kilikuwa ghorofa ya kwanza, na ngazi zile Ndinda alizipanda kwa vituo vitatu, bila mtu wa kusalimia. Nesi mmoja, Mumbi, alimkaribisha na kumwambia, "Mama, hizi karatasi nitakusomea kwa Kiswahili, polepole, na ukitaka kuuliza unanisimamisha."

Hapo ndipo Ndinda alipotia mkono wake mwenyewe kwenye kosa, na analijua hilo, wala halifichi. Alikataa. Alisema anataka kusomewa na mtu wa kwao, kwa Kikamba. Miaka kumi na moja iliyopita wakala wa mwenye nyumba alimsomea karatasi akasema ni ya kukarabati paa, akaweka kidole, na wiki iliyofuata vitu vyake vilikuwa nje kwenye matope. Tangu hapo aliapa kwamba karatasi yake itasomwa na damu yake au na aliyeolewa na damu yake. Watu wengi wa kwao mjini wangefanya vivyo hivyo. Mgeni akikudanganya hujui pa kumpata, lakini wifi yako unajua hata mlango wake unafungukia upande gani.

Mumbi hakubisha. Alisema sheria inataka shahidi asiye mfanyakazi wa kituo, basi Mbithi akaitwa kutoka kazini kwake pale pale Satellite, anakochomea milango ya chuma. Kasyoka akapewa zile karatasi nne.

Ilikuwa saa kumi jioni na benchi lilikuwa limejaa watu wanaosubiri. Kasyoka alisoma kwa haraka, akigeuza maneno kwa Kikamba.

"Hizi seli shina ni mbegu," alisema. "Ziko ndani ya mfupa wako wa nyonga, kwenye uboho. Wanazitoa, wanazisafisha, wanakuja kuzipanda mguuni. Zinaotesha mishipa mipya. Ni mbegu zako mwenyewe, hakuna cha mtu mwingine hapo."

Ndinda aliitikia kwa kichwa. Mbegu anazijua. Hakuna neno lingine ambalo lingemwingia kwa upesi namna hiyo. Kasyoka akalamba kidole, akafunua karatasi mbili kwa pamoja, akafika ya mwisho, ile ya kuweka alama. Ndinda aliona. Aliona kwa macho yake karatasi mbili zimeenda pamoja, akadhani ya kati haina maneno.

Ilikuwa na maneno. Ilisema kwamba nusu ya wagonjwa watadungwa seli zao na nusu watadungwa maji ya chumvi, na hakuna atakayejua amepata nini, si mgonjwa wala daktari anayemtibu, mpaka utafiti uishe. Ilisema tiba hii haijathibitishwa, na kwamba anayo haki ya kukataa na kuendelea na matibabu yake ya kawaida. Ilisema asikaribishe mguu kwenye moto wala maji ya moto kwa sababu hauna hisia. Ilisema ngozi ikibadilika rangi aje siku hiyo hiyo. Na mwishoni ilisema waliopata maji ya chumvi watapewa nafasi ya seli za kweli baadaye, isipokuwa waliokaidi masharti.

Walimtoboa nyonga. Alilala kifudifudi akauma shuka, na sauti ya kile chombo ndani ya mfupa hataisahau. Baadaye siku hiyo hiyo wakamdunga kwenye shavu la mguu, sindano ndogo ndogo zaidi ya thelathini, kwa mistari. Ndinda aliihesabu ile mistari akaona ni matuta. Hata walivyoachanisha tundu na tundu ni kama mtu anayeatika sukuma wiki.

Aliporudi Silanga ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Nairobi ilikuwa imekaza. Ukipanda mbegu mwezi wa saba karibu na bwawa, usipoifunika na kuitia joto inaoza ardhini. Yeye kitalu chake hukitandazia nyasi kavu na jivu lenye uvuguvugu, na hakuna anayemzidi kwa kuotesha. Kwa hiyo akautunza mguu kama anavyotunza kitalu. Asubuhi na alasiri aliketi kibandani, akaufunga kwa gunia safi, akausogeza karibu na jiko. Caren alimuuliza kama nesi amesema hivyo.

"Nesi hajui kupanda," Ndinda akajibu.

"Na wewe unajua miguu?"

"Mbegu najua. Hii imepandwa, Caren. Na usiniambie nifungue uangalie, mbegu haitaki kufukuliwa."

Wiki ya kwanza aliona kama kuna kitu kinatembea ndani. Wiki ya pili akawa na hakika. Aliogopa kufurahi, akafurahi kidogo kidogo, kwa siri, kama mtu anayekula chakula cha wageni. Wiki ya tatu ubaridi ulizidi, naye akausogeza mguu zaidi.

Siku hiyo Caren alikuwa ameinama juu ya omena zake. Akainua kichwa.

"Mama Kevin, unachoma nini?"

"Sichomi kitu."

"Kuna kitu kinaungua hapo kwako."

Ndinda akatazama jiko, akatazama ukuta wa mbao, akatazama juu. Caren ndiye aliyeruka meza akauvuta mguu. Gunia lilikuwa jeusi upande mmoja. Ndinda hakuwa amesikia chochote, hata joto. Walipofungua, vidole viwili vya mwisho na ukingo wa wayo vilikuwa vimebadilika rangi. Ndinda hakulia. Alimwomba Caren afunge kibanda.

Kwenye benchi la kituo cha Satellite palikuwa na mwanamume anayeitwa Okoth, fundi wa kushona nguo kutoka upande mwingine wa Kibera, naye mguu wake ulikuwa kwenye utafiti huo huo. Alikuwa mtu wa mzaha. Alimtazama Ndinda na mguu wake, akataka kumchangamsha.

"Mama, pole. Wewe unadhani ulipata gani? Mimi najua yangu ni maji. Nimetiwa chumvi kama samaki wa kupelekwa mbali. Nikianikwa juani hapo nje, jioni mnanila."

"Maji gani?" Ndinda akauliza.

"Maji ya chumvi. Si nusu yetu walidungwa maji?"

"Nani amesema?"

Okoth alicheka, halafu akaona uso wake, akaacha. "Mama, si ilikuwa kwa karatasi? Ile ya tatu. Mimi nesi alinisomea mara mbili, nikamuuliza kama hayo maji yanafaa hata kupikia ugali."

Ndinda aliketi pale, na kila kitu kikarudi. Kasyoka akilamba kidole. Karatasi mbili zikienda pamoja.

Daktari Wagaki, ambaye pia huwatibu wagonjwa wa utafiti pale kituoni, alimpeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo, na keshoye vidole viwili vikakatwa. Kwa sababu ya kuungua, iliwapasa wafungue siri ya kile alichodungwa, wajue namna ya kumtibu. Ilikuwa maji ya chumvi. Daktari alimwambia akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na hakuzungusha.

"Basi nipeni zile za kweli," Ndinda akasema.

"Hata za kweli sikuahidi, mama. Ndiyo sababu tunafanya utafiti. Zinaweza kusaidia, zinaweza zisisaidie."

"Lakini ni nafasi."

"Ni nafasi. Ila faili lako linasema ulionywa usikaribie moto, ukakaribia. Limeandikwa umekaidi. Aliyekaidi anatolewa."

"Sikuonywa."

"Alama ya kidole chako ipo. Sahihi ya shahidi ipo."

"Ule ukurasa wa tatu hakuusoma. Uliza Kasyoka."

Daktari alilifungua tena faili, akaliangalia. Alimwamini, Ndinda aliona. Lakini akasema kamati ya utafiti, inayoamua nani anatolewa, haiwezi kufuata kuamini kwake. Kamati itafuata karatasi, mpaka yule aliyesoma na yule aliyeshuhudia waje waseme vingine kwa midomo yao. Akamwambia na jambo jingine, bila kuulizwa: kwa jinsi kidonda kilivyo, kama damu haitaongezeka, kufikia Krismasi watakuwa wanazungumza habari za goti.

Alipoweza kushika magongo, alikwenda Kabiro. Caren alimsindikiza. Kasyoka alikuwa anafua. Mbithi alikuwa ndani, mlango wazi, na alipomwona dada yake alitazama chini, kwenye ile bandeji.

"Ulikuwa na maneno?" Ndinda akauliza. "Ule ukurasa. Ulikuwa na maneno ama haukuwa nayo?"

Kasyoka alikamua nguo moja mpaka ikawa haina tone. "Mama Kevin, kwanza keti."

"Kuketi siwezi, nikiketi siinuki. Nijibu."

"Ulikuwa nayo. Lakini niambie ukweli. Ningekusomea kwamba labda utadungwa maji, ungekaa? Wewe ninayekujua? Ungeamka ukaenda zako."

"Ningeenda na vidole kumi."

Caren aliguna. Kasyoka akaanza kulia, akisema alitaka kumsaidia, alimwona anakwenda kukatwa, na msimamizi wa kituo siku hiyo alikuwa anauliza mbona watu wengi wanasikia habari ya maji wanaondoka. Alisema hata hilo la mbegu alilisema ili aelewe. Ndinda alimwacha alie. Kisha akamwambia maneno ya daktari, na kwamba kamati inakaa Alhamisi ya mwisho wa mwezi.

"Nikisema, watanivua hili koti," Kasyoka akasema. "Miaka tisa, Mama Kevin. Hapa Kabiro nitapita wapi?"

"Na mimi watanivua mguu."

Ndipo Mbithi akatoka mlangoni. "Dada, haya ni mambo ya nyumbani. Tuyamalize nyumbani. Tumwite mchungaji, tule pamoja, Kasyoka akuombe msamaha mbele ya watu."

"Mbithi, ulikuwa wapi ukiwa shahidi?"

"Nilikuwa pale."

"Pale wapi?"

"Pale kwa ngazi. Lakini nilisaini vile niliambiwa nisaini."

"Basi kaseme hivyo. Mguu wangu hauko nyumbani. Uko kwa kamati."

Kasyoka alirudia kufua, na Caren akasema waondoke kabla yeye hajammwagia Kasyoka yale maji kichwani.

Mchungaji amekuja Silanga mara mbili tangu siku hiyo, ametumwa, ana maneno mazuri juu ya kusamehe. Wifi yake ametuma mkungu wa ndizi, umekaa mlangoni mpaka majirani wakaugawana. Mbithi amempigia simu kumuuliza anaendeleaje, na kila akiulizwa habari ya kamati, mtandao unakatika. Ndinda bado anapima asubuhi kwa viganja viwili. Juzi aliona ubaridi umepanda hadi juu ya kifundo. Jana akaona ni vile vile, leo hana hakika. Wateja wanapimiwa makaa na Caren, kati ya omena na omena, na shamba la nyuma limeota magugu.

Msamaha hajaombwa kwa namna anayoitaka, na hautaki kwa sasa. Anachodai ni kidogo na kinajulikana. Kasyoka anadaiwa maneno matano mbele ya kamati: ukurasa wa tatu mimi sikuusoma. Mbithi, mtoto wa mama yake, anadaiwa kusema kwamba alikuwa nje kwenye ngazi. Wote wawili wanaishi mwendo wa dakika kumi tu kutoka kwenye kile kituo, na miguu yao ni mizima. Leo ni Jumanne, na kamati inakaa keshokutwa.